Koti la Andy na Daftari la Polisi

Asalaam aleikum, walimu wenzangu, na habari za asubuhi. Nimepewa dakika arubaini, na mwenyekiti ameshaanza kunitazama kwa lile jicho la kipindi cha mwisho cha Ijumaa. Kwa hivyo nitaingia moja kwa moja.

Nina hadithi fupi moja tu. Iliandikwa na Mmarekani, Evan Hunter, ikatoka mwaka 1957, na kwa Kiingereza inaitwa "On the Sidewalk Bleeding". Mnaofundisha Kiingereza huenda mmekutana nayo katika vitabu vya mazoezi. Shule nyingi duniani zimeifundisha. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Niliifasiri mwenyewe usiku, kwa kalamu, nikaisoma na Kidato cha Pili. Leo nataka kuwaeleza ilivyonitoa jasho.

Kwa ambao hawajaisoma: Andy ana miaka kumi na sita. Ametoka kwenye dansi ya vijana kwenda kununua sigara, na huko kichochoroni, mvua inanyesha, amechomwa kisu ubavuni. Amevaa koti la hariri la rangi ya zambarau. Mgongoni limeandikwa The Royals, jina la genge lake. Aliyemchoma ni wa genge la pili, The Guardians, na alipokuwa akimchoma hakumwita Andy. Alimwita Royal. Hadithi nzima ni huyu kijana kulala pale akivuja damu huku watu wakipita. Anapita mlevi, anadhani ni mlevi mwenzake. Wanapita kijana na mchumba wake, Freddie na Angela, wanaona koti, wanaogopa, wanaondoka. Anapita bibi kizee anayechakura mapipa ya taka, hasikii vizuri. Andy anagundua, kwa kuchelewa, kwamba anauliwa na koti. Basi anatumia nguvu zilizobaki kulivua. Analivua, anakufa. Msichana wake, Laura, anamkuta. Polisi anakuja, anaona koti chini, anatoa daftari. Laura anamwambia: huyu anaitwa Andy. Polisi anaandika: Royal.

Hiyo ndiyo hadithi. Mara ya kwanza niliifundisha vibaya, kama tunavyofundisha wengi wetu. Nilisoma, nikauliza maswali sita ya ufahamu, kisha nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: FUNZO. Wanafunzi wakanakili kwamba magenge ni mabaya na vijana wajiepushe na makundi. Kengele ikalia. Mvulana mmoja akafunga daftari, akaniambia kwa adabu kabisa, "Mwalimu, hilo tulikuwa tunalijua."

Na kweli walikuwa wanalijua. Mtoto anayerudi nyumbani Kisauni, Mombasa, saa za magharibi, amezoea kubadilisha njia akisikia vijana wa mapanga wametoka, hamhitaji mwalimu wa kumwambia panga linakata. Tukimsomesha hadithi hii kama onyo, tunampa habari iliyochacha. Mwaka uliofuata nikaanza upya, na safari hii nikaanzia kwenye majina.

Nikiwa nafasiri nilikwama hapo. Royals nikawaita Wana wa Mfalme. Guardians nikawaita Walinzi. Nikasoma darasani, "Mlinzi mmoja akamchoma kisu," darasa likaangua kicheko. Mtoto wa nyuma akauliza, "Mwalimu, kwani Andy amechomwa na soja wa geti?" Nikacheka nami. Kisha nikaona kwamba kicheko kile kimefanya kazi ambayo maswali yangu sita hayakuifanya. Kwa Kiingereza jina lile linapita sikioni kama jina tu. Kwa Kiswahili linavuliwa nguo: mlinzi anaua, mwana wa mfalme anafia kwenye uchafu, na yule mlinzi halisi, polisi, anafika mtu ameshakufa. Nilikuwa nimepanga kurudisha majina ya Kiingereza. Sikuyarudisha.

Tukauliza kwa nini vijana maskini wa New York wajiite wa kifalme. Hapa nikawapa historia kidogo. Miaka ile ya hamsini magenge ya vijana yalikuwa mada kubwa pale mjini. Mnamo Julai 1957 kijana wa miaka 15 aliuawa katika bustani ya Highbridge, Manhattan, na miongoni mwa waliohusishwa ni vijana wa kundi lililojiita Egyptian Kings, wafalme wa Misri. Wafalme tena! Msichana mmoja akasema asiye na kitu hujiita kwa kile asichokuwa nacho. Sikuwa na la kuongeza.

Kisha tukarudi nyumbani. Nawaomba walimu wenzangu msiogope hatua hii, kwa sababu darasa litaifikia mkitaka msitake. Mmeshasikia majina ya magenge ya Mombasa yaliyotangazwa hadi yakazoeleka: Wakali Kwanza, Wakali Wao. Nikaandika "Wakali Wao" ubaoni, nikauliza swali la sarufi tupu: hilo "wao" ni kimilikishi au ni nafsi? Ni wakali walio mali ya watu fulani, au wakali ni wao, si wengine? Jamani, sijawahi kuona Kidato cha Pili kikigombania sarufi namna ile. Nusu ya darasa upande huu, nusu upande ule. Na aliyeifungua ni yule yule wa soja: "Mwalimu, yote mawili yanataka watu wengine wawepo. Peke yako huwezi kuwa wao." Jina la genge halisimami lenyewe, linahitaji jirani wa kulisikia na kuogopa. Wana wa Mfalme bila Walinzi ni vijana waliovaa makoti mazuri.

Ukitaka kwenda mbele zaidi, fuata safari ya jina. Jina Gaza, la genge la Kayole, Nairobi, halikutoka moja kwa moja Palestina. Lilipitia Jamaika, kwa vijana wa Portmore na muziki wao. Na Dar es Salaam, mwanzoni mwa Januari 2015, jina la genge la Panya Road peke yake lilitosha kufunga maduka na kuwakimbiza watu barabarani. Wengi waliokimbia hawakumwona mtu hata mmoja mwenye silaha. Walikimbia jina. Hapo nilipita haraka, maana darasa lilianza kusimulia visa na kipindi kingeniponyoka.

Sehemu ninayoipenda ni Freddie na Angela. Fundisheni hapa polepole. Nilisimamisha kusoma pale wanapoliona koti, nikafunga kitabu, nikauliza: wewe ungefanyaje? Nilitarajia kusikia huruma. Aliyenyanyuka wa kwanza ni msichana mtulivu ambaye muhula mzima hajafungua mdomo. Akasema, "Ningekimbia. Ukimbeba mtu aliyechomwa kisu, polisi wanaanza na wewe. Unaandikisha taarifa, wenzake wale wanajua nyumba yenu, na mamako anauza mbaazi hapo hapo nje." Kimya. Hakuna aliyembishia. Nilikuwa nimezoea kuwaita Freddie na Angela waoga. Tangu siku ile siwaiti hivyo. Wale wawili wamelisoma koti kwa usahihi kabisa, na usahihi wao ndio uliomwacha Andy afe. Kosa la nani? Liacheni likiwa swali. Msilijibu kwa niaba ya mtoto aliyeona njia anayopita.

Sasa niseme kuhusu neno tunalolitumia sana: utambulisho. Kamusi inatupa utambulisho, lakini watoto wetu wanalijua zaidi neno dada lake, kitambulisho. Kwa sisi wa Pwani kile kipande kina historia. Mnajua vijana wangapi wametimiza miaka kumi na minane, wakaenda kukiomba, wakaulizwa karatasi za babu. Kutambulika kwetu si jambo la falsafa. Kuna foleni, kuna dirisha, kuna mtu ameketi nyuma yake. Andy ana miaka kumi na sita, hana kipande. Alichonacho kimeshonwa mgongoni, na anayekisoma yuko nyuma yake.

Tofauti ni kwamba Andy aliweza kulivua. Kwa maumivu makubwa, lakini alilivua. Wanafunzi wangu wakaniuliza sisi koti letu ni lipi, kwani hapa hakuna anayevaa koti kwa joto hili. Wakajibu wenyewe: mtaa. Ukisema unatoka mtaa fulani, mwajiri anakunja uso. Mtaa hauna vifungo vya kufungua.

Niwape na kisa cha mwandishi, maana wanafunzi wanakipenda. Evan Hunter hakuzaliwa Evan Hunter. Alizaliwa New York mwaka 1926 akiitwa Salvatore Lombino, wa asili ya Kitaliano. Mwaka 1952 alibadilisha jina kisheria, kwani jina la Kitaliano kwenye jalada halikuonekana kuwa la kuuza. Alifundisha kwa muda mfupi sana katika shule ya ufundi Bronx, akaacha. Na tangu 1956 akaanza kuandika riwaya za polisi, nyingi mno, kwa jina jingine tena, Ed McBain. Mtu huyu alijua koti ni nini, alijua na daftari la polisi ni nini. Sikusema hivyo darasani mpaka mwisho, maana ukianza na mwandishi watoto wanatafuta jibu kwake badala ya kwenye kurasa.

Sasa la kwangu mwenyewe, nalisema hapa kwa kuwa tupo walimu tu. Miaka kadhaa kabla sijaisoma hadithi hii, katika shule niliyokuwa nikifundisha, mvulana alikuja na nyusi imekatwa mstari. Ilikuwa alama ya kundi, au tuliaminishwa hivyo. Mimi nikiwa zamu ya nidhamu nikachukua kitabu, nikaandika tarehe, nikaandika jina lake, na mbele yake nikaandika: mfuasi wa genge. Sikumuuliza. Baadaye shangazi yake alikuja na buibui lililolowa jasho, amepanda matatu mbili, kunieleza kwamba binamu yake anajifunza unyozi na yule kijana ndiye kichwa cha kufanyia mazoezi. Nilimwambia nimesikia. Nilichoandika sikukifuta. Mvulana alihama muhula ule, na maneno yangu matatu yalimfuata kwenye barua mpaka shule ya pili.

Basi nikifika kwa yule polisi na daftari lake, sisomi kwa sauti ya kumshutumu. Anafanya kazi usiku, mvua inamnyeshea, na koti liko pale limeandikwa wazi. Mkono wake unakwenda wenyewe. Laura amemwambia jina, na amelisikia. Nawaomba muwaulize wanafunzi wenu swali hili: nani katika hadithi anamwita Andy kwa jina? Wachore jedwali. Watakuta msimulizi, watamkuta Laura, na Andy mwenyewe kichwani mwake. Basi. Wengine wote waliokutana naye walisoma mgongo, au hawakusoma kitu.

Kazi ya nyumbani ilikuwa ukurasa mmoja: uandike upya ukurasa wa daftari la yule polisi. Wengi walifanya vizuri. Andy, miaka kumi na sita, alitoka kununua sigara. Andy, mpenzi wa Laura. Mmoja aliandika aya nzima ya wasifu, na makosa ya tahajia yasiyo na idadi.

Yule msichana mtulivu, wa mama wa mbaazi, aliniletea ukurasa ulio karibu mtupu. Ameandika "Andy bin", kisha mstari mrefu wa nukta hadi ukingoni. Nikamuuliza mbona hakumaliza. Akaniambia, "Hadithi haikumtaja babake, mwalimu. Nimeacha nafasi, wakija watu wake wajaze."

Nakala za tafsiri ziko mezani pale mlangoni. Hazitoshi, gawaneni wawili wawili.