Bata mzinga: ndege anayesingiziwa kila nchi isipokuwa kwao

Habari zenu ndugu zangu, mlioko Tanga, Mombasa, Bujumbura, Bukavu, Muscat, popote pale. Dada yenu wa Rotterdam nipo. Leo hatutoki, upepo wa huku ukiingia kwenye maikrofoni hamtasikia neno. Tukae humu jikoni tumpige soga ndege mmoja tu: bata mzinga.

Mnaona hiki kipakiti? Nyama ya bata mzinga iliyokatwa nyembamba, Waholanzi wanaipanga juu ya mkate. Someni hapa: kalkoen. Hutamkwa "kalkun". Asili yake ni "kuku wa Calicut". Naam, Calicut ya India, pwani ya Malabar, mji ambao siku hizi unaitwa Kozhikode. Watu wa Malindi, hapa mnaingia ninyi: mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga kwenu, mfalme wenu akampa rubani, na rubani yule ndiye aliyemvusha bahari mpaka Calicut. Jina la mji huo likavuma Ulaya nzima. Basi kitu chochote kigeni kikishuka melini, watu wanasema hicho cha Calicut.

Jina likasambaa kaskazini. Denmark wanasema kalkun, Sweden kalkon, Finland kalkkuna. Na Calicut yenyewe wakati huo haikuwa na bata mzinga hata wa dawa!

Ndege huyu kwao ni Mexico. Waazteki walikuwa wanamfuga na kumuuza sokoni kabla yule Mhispania Cortés aliyewateka hajakanyaga huko mwaka 1519. Kwa lugha yao ya Kinahuatl alikuwa huexolotl, na mpaka leo Mexico ukiagiza guajolote wanajua unataka nini. Jina lake lipo, zima, lina wenyewe. Nani Ulaya alilichukua? Hakuna.

Wafaransa wakasema kuku wa India, poule d'Inde, halafu wakakata wakakata ikabaki dinde. Hawa nawaelewa kidogo, kwa sababu Columbus alishawachanganya watu wote kwamba kule alikofika ni India. Ndiyo maana Mpoland naye ana indyk na Mrusi indeyka. Wajerumani waliwahi kuzunguka na Calicut kama majirani zao hawa, kisha wakaachana nayo. Sasa wana Truthahn, na hiyo "trut" ni mlio wa kumwita ndege aje kula. Mimi nawapa maksi Wajerumani. Angalau hawakumsingizia mtu.

Haya, Waingereza. Hapa ndipo panaponiuma, maana aliyeibiwa ni wetu. Mnamjua kanga, yule ndege wa madoadoa ambaye inasemekana ndiye aliyeipa jina leso ya mama zetu? Kanga ni ndege wa Afrika. Aliingia Uingereza mikononi mwa wafanyabiashara waliopitia nchi za Waturuki, Waingereza wakambandika jina la turkey, ndege wa Uturuki. Baadaye, katika karne hiyo hiyo ya 16, akafika huyu mkubwa wa Mexico, na watu wakawa hawatofautishi nani ni nani. Mwishowe mgeni akaondoka na jina, kanga akapewa jingine, guinea fowl, ndege wa Guinea.

Sasa muulize Mturuki mwenyewe, huyu ndege mnamwitaje? Atakujibu: hindi. Yaani wa India! Ndugu zangu, mimi huwa nacheka peke yangu. Na msidhani wao wanacheka. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulikubali ombi la serikali yao kwamba hata kwa Kiingereza nchi iandikwe Türkiye, na televisheni yao ya TRT World ilipoeleza sababu, huyu ndege wa Krismasi alitajwa waziwazi.

Waarabu nao, ninyi wa Muscat mtanisaidia, wengi wanasema diki rumi, jogoo wa Rumi. Ukipanda kule Sham, yaani Syria na jirani zake, utasikia diki habashi, jogoo wa Uhabeshi. Tumerudishwa Afrika tena!

Lakini wasio na udhuru kabisa kwangu ni Wareno. Wenzetu hawa walikuwa baharini kuliko wote, Malindi walifika, Calicut walifika, Brazil walifika. Halafu wakamwita peru. Peru ya milima ya Andes, ambako hakuwepo. Wao waliona nchi zote zile za Mhispania ni Peru tu, yameisha. Mhispania naye alimwona anavyotandaza mkia akasema huyu tausi, pavo. Tausi halisi ikabidi aongezewe cheo ili asichanganywe: pavo real, tausi wa kifalme.

Mtasema wanasayansi watatuokoa. Wapi! Linnaeus mwaka 1758 alimpa jina la Kilatini Meleagris gallopavo. Meleagris ni neno la Wagiriki wa kale, na ndege waliyemwita hivyo ni kanga. Gallo ni jogoo, pavo ni tausi. Kanga-jogoo-tausi. Ndege watatu ndani ya jina moja na mwenyewe hayumo.

Kabla hamjaanza kuwacheka Wazungu, tujiangalie na sisi. Tumemwita bata, na nani amewahi kumwona akiogelea? Halafu kuna mahindi. Mahindi ni mazao ya Mexico, yametoka nchi ile ile na huyu ndege, na sisi tumeyapa jina la Wahindi, mmea wenyewe unaitwa muhindi. Mtaliano anayaita granoturco, nafaka ya Uturuki. Mturuki anasema mısır, na mısır ni Misri. Kwa hiyo ukiwa Istanbul ukaagiza wali na bata mzinga na mahindi ya kuchoma, umeagiza India na Misri katika sahani moja.

Moja la mwisho, nililitunzia Waholanzi wangu hawa. Wao wamesema kuku wa Calicut, sivyo? Wamalay, ambao Waholanzi waliwafikia kwa meli zao, wanamwita ayam belanda. Maana yake kuku wa Uholanzi.

Haya, sasa zamu yenu hapo chini. Wasambaa, Wadigo, Wachagga, Wakikuyu, Washi wa Bukavu: nyumbani kwenu, kwa kilugha, bibi anamwitaje bata mzinga? Msiniandikie la Kiswahili, hilo ninalo. Na kama bibi anamwita kwa jina la nchi ya mtu mwingine, hilo nitalisoma la kwanza.