Pailoti ya Hita Inazimika Wakati Gani?

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Leo tuzungumzie hita ya maji ya gesi yenye tangi, ile iliyosimama katika chumba cha chini cha nyumba nyingi za Marekani. Kabla ya kuwasha chochote, inama unuse sakafuni. Ukisikia harufu ya gesi, toka, upige simu ukiwa nje.

Kabla hujanunua kifaa, jiulize: pailoti, yaani ule moto mdogo unaowasha kichomeo kikuu, inazimika wakati gani?

Ikizimika mara tu unapoachia kitufe cha kuiwashia, anza na themokapo. Ni ile fimbo nyembamba ambayo ncha yake imo ndani ya moto. Joto huifanya itoe umeme mdogo sana, milivolti 25 hadi 30, na umeme huo ndio unaoishikilia sumaku ya vali ya gesi. Moto ukififia, sumaku inaachia na gesi inakatika. Kwa hiyo kuzimika huko ni ulinzi, msiufunge wala kuukwepa.

Shikilia kitufe dakika nzima. Moto uwe wa buluu na ufunike ncha kama sentimita moja. Masizi yaondoe kwa msasa laini. Kwenye vali, kaza nati kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Ukizidisha unaponda kihami cha ndani. Chomoa themokapo kwenye vali uipime kwa mita huku umeshikilia kitufe ili pailoti iwake: chini ya milivolti 20, nunua nyingine. Ikiwa nzima na pailoti bado haishiki, huenda vali ndiyo mbovu. (Hita yenye taa inayopepesa hutumia themopaili, yaani themokapo nyingi zilizounganishwa, vipimo hivi haviihusu.)

Moto ukiwa wa njano na mlegevu, tundu la pailoti limeziba kwa masizi au utando wa buibui. Funga gesi, fungua kibomba cha pailoti, puliza hewa. Usichokonoe kwa pini, utalipanua. Hita za kuanzia 2003 zina pia chujio la hewa chini. Nyuzi za nguo kutoka mashine ya kukaushia hulijaza, na moto hukosa pumzi.

Inazimika siku za upepo tu? Tazama dohani. Funga milango, washa feni za kutolea hewa, acha kichomeo kikuu kiwake dakika 5, kisha sogeza udi unaofuka kwenye mdomo wa dohani, pale juu ya hita. Moshi uvutwe juu. Moshi ukirudi chumbani, zima hita saa hiyo hiyo, maana monoksidi ya kaboni inarudi pamoja nao, na haina harufu.