Mtandao umekata, laptopu imegoma, tunafanyaje?

Rehema: Haya karibuni tena, ni mimi Rehema na kaka yangu Baraka kama kawaida. Leo ni apu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, ila sio nadharia jamani, tunaongelea vile zinakusaidia ukiwa njiani hujui pa kupita au kompyuta imegoma na kazi ya watu iko ndani.

Baraka: Tuanze na njia bana, maana kuna kitu kimoja watu wengi hawakijui. Wanaona simu ikikosa mtandao basi na GPS imekufa. Sio kweli kabisa. Simu haitumi chochote kwa setelaiti, inasikiliza tu. Zile setelaiti ziko juu huko kama kilomita 20,200, zinatangaza saa na mahali zilipo muda wote, simu ikizisikia angalau nne inapiga hesabu yenyewe ijue iko wapi. Bando haliguswi hapo.

Rehema: Sasa mbona mtandao ukikata ramani inabaki jivu tupu?

Baraka: Kwa sababu picha ya ramani ndio inatoka kwenye intaneti, ile nukta ya bluu inayoonesha ulipo bado ipo ila haina barabara chini yake. Ndio maana nawaambia watu wekeni apu ya ramani inaitwa Organic Maps, ukiwa na waifai unapakua mkoa au nchi nzima ndogo, baada ya hapo kutafuta jina la mahali, kupangiwa njia, kila kitu kinafanyika ndani ya simu yako. Kitu kimoja tu, bila mtandao simu inaweza kuchelewa kupata setelaiti mara ya kwanza, maana ukiwepo huwa inasaidiwa kujua zipi ziko juu yako, sasa hapo inabidi izisikilize yenyewe. Simama pa wazi, usiwe chini ya bati, subiri kidogo.

Rehema: Mi natumia OsmAnd, apu nyingine ya ramani, ni nzito na menyu zake hadi unachoka, ila nikitembea kwa miguu naona mpaka vilima viko wapi, hiyo siiachi. Lakini kaka ukweli usemwe, hizi apu foleni hazioneshi. Na namba za nyumba sehemu nyingi hakuna, unatafuta anwani unaletewa barabara nzima.

Baraka: Nakubali kabisa. Foleni inajulikana kwa sababu simu za watu wengi zinaripoti zilipo muda wote, sasa apu isiyokufuatilia itaijulia wapi? Mimi nimechagua kutofuatiliwa, foleni nitakaa tu. Ila namba za nyumba na njia zisizoonekana, hizo dawa yake tunayo wenyewe. Data zote za apu hizi zinatoka OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wenyewe, aliianzisha Steve Coast kule Uingereza 2004, na yeyote mwenye akaunti anaruhusiwa kurekebisha.

Rehema: Hapo ndipo napapenda mimi. Kuna apu ya Android inaitwa StreetComplete, unatembea zako inakuuliza vitu vya hapo hapo ulipo, hii barabara ni lami au vumbi, hiki kivuko kina taa, hili duka linafungwa saa ngapi, unajibu kwa macho yako na majibu yanaenda kwenye ramani. Halafu kulikuwa na kidaraja cha waenda kwa miguu ambacho ramani haikijui, watu wanazungushwa njia ndefu bure, nikaingia kwenye tovuti ya OpenStreetMap kwa kompyuta nikakichora. Sasa hivi mtu yeyote akiomba njia anapitishwa hapo. Nilifurahi sana, sijui niseme nini.

Baraka: Safi sana. Ila jamani usinakili kutoka ramani za makampuni, hizo zina wenyewe, weka unachokijua wewe. Na ukirekebisha usitegemee kukiona kwenye simu siku hiyo hiyo, ile uliyopakua inabaki vile ilivyotengenezwa, subiri toleo jipya litoke uapdeti.

Rehema: Haya kompyuta sasa. Rafiki yangu laptopu ilikataa kuwaka, nembo inazunguka tu haifiki popote, akaipeleka kwa fundi, jibu likawa hapa ni kufomati. Mafaili yake je? Eti yatapotea. Niliumia kwa niaba yake.

Baraka: Wapi! Mfumo kugoma sio mafaili kufa, hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Chukua flashi, weka Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, kama ile inayoitwa Mint, washa kompyuta huku unabonyeza F12 au Esc au F2, inategemea na mashine, uchague iwake kwa flashi. Usiinstoli kitu, jaribu tu. Fungua diski, kopi mafaili kwenye diski ya nje. Kama diski ilifungwa kwa usimbaji, yaani data imefichwa kwa siri, utahitaji ule ufunguo wa kurejesha, kautafute kwanza. Na ikikwambia diski ni ya kusoma tu usihangaike nayo, kwa kukopi inatosha.

Rehema: Ndio tulivyofanya, picha zote zikatoka, kazi zote. Baadaye tukacheki afya ya diski kwa programu inaitwa smartctl, sekta mbovu zilizohamishwa, yaani vipande vilivyoharibika ambavyo diski imeacha kuvitumia, nyingi na zinaongezeka, kumbe tatizo ni diski yenyewe. Yaani wangefomati leo, wiki ijayo wanarudi pale pale.

Baraka: Umeona? Na diski ikianza kugonga gonga kwa sauti, zima. Usikae unafungua fungua mafaili, kila dakika unaimaliza. Hapo inakopiwa yote kwa ddrescue, programu ya kukopi diski mbovu, yenyewe inachukua kwanza sehemu zisizo na shida, zile ngumu inazirudia mwisho. Na kama kompyuta inazima ovyo bila mpangilio, pima ramu, ile kumbukumbu ya kompyuta inayotumika ikiwa inafanya kazi, kwa programu ya Memtest86+, iache usiku mzima.

Rehema: Swali moja linanikera lakini. Kompyuta yangu ndio moja tu na ndio imekufa, hiyo flashi naitengenezea wapi?

Baraka: Kwenye simu! Kuna apu ya EtchDroid, iko F-Droid, duka la apu huria, ni ya Android. Unapakua faili la Linux, unachomeka flashi kwenye simu kwa waya wa OTG, ule wa kuunganisha flashi na simu, inaandika. Haihitaji hata kuruti, yaani kufungua simu upate mamlaka yote ya mfumo wake.

Rehema: Subiri, kwenye simu hii hii?

Baraka: Hiyo hiyo, mradi inakubali OTG na ina chaji ya kutosha. Na hakikisha flashi haina kitu chako, maana inafutwa yote.