Meya wa York na gari lililozima relini

ZUHURA: Haya tupo tena, mi na Baraka kama kawaida, leo kaja na mafunzo yake matatu kwenye daftari.

BARAKA: Na leo lazima tuyafikie. Ila anza na ya Jumanne kwanza.

ZUHURA: Jumanne nampeleka shangazi kliniki, tunatoka Lancaster tunaenda York, kule Pennsylvania, Marekani, sa tumeshaingia mjini pale karibu na reli gari likazima, piga starta hamna kitu. Wakatoka vijana wawili wa kizungu kwenye nyumba ya jirani wakatusukuma mpaka pembeni, shangazi anawaombea dua mi natetemeka, maana nilishasoma ya Lillie Belle Allen.

BARAKA: Dah. Tarehe 21 Julai 1969, York ina ghasia za weusi na weupe. Dada mweusi wa miaka 27, binti wa mhubiri, katoka South Carolina kuja kumtembelea dada yake, wakaingia mtaa wa North Newberry wakakuta wazungu wana bunduki, gari limekwama hapo relini, yeye kashuka ili ashike usukani wakampiga risasi. Na siku chache kabla askari polisi kijana, Henry Schaad, alishapigwa risasi, akafa Agosti. Weusi walikuwa wamechoka na polisi na mbwa wao. Ila ngoja, taa za gari lako zilififia kabla halijazima?

ZUHURA: Zilififia.

BARAKA: Oltaneta hiyo, ile inayochaji betri.

ZUHURA: Fundi kasema betri, Baraka. Tuje kwa meya.

BARAKA: Charlie Robertson. Mwaka ule 1969 ni polisi hapohapo York, 1993 anachaguliwa meya, anakaa awamu mbili. Mei 2001 kashinda mchujo wa chama chake cha Democratic agombee awamu ya tatu, siku mbili baadaye anakamatwa kwa mauaji ya Lillie Belle. Akajitoa kwenye uchaguzi. Lakini 2002 baraza la wazee wa mahakama likamwachia, na kesi hiyohiyo Robert Messersmith na Gregory Neff walitiwa hatiani, so huwezi sema hawakuchambua.

ZUHURA: Aliachiwa kwa mauaji. Lakini alikiri mwenyewe kwamba siku moja kabla dada wa watu hajauawa alikuwa kwenye mkutano wa vijana wa kizungu, na sare ya polisi, anapiga kelele za "white power", yaani nguvu kwa weupe. Huyo ndo alinde mtaa wa weusi usiku unaofuata?

BARAKA: Mashahidi walisema aligawa risasi, akakataa, haikuthibitika. Kelele alisema zilikuwa makosa. Miaka 30 mtu habadiliki?

ZUHURA: Anabadilika, ila familia ya Allen ilikaa miaka 30 bila mtu kushtakiwa, mpaka magazeti ya hapo yalivyoandika upya 1999 ndo mafaili yakafunguliwa, na muda mwingi kati ya hapo ye alikuwa polisi, alafu meya. Sikubali.

BARAKA: Mi pia sikubali, ukianza kumhukumu mtu aliyeachiwa hujui utaishia wapi. Na waliomuua Schaad nao walifungwa, 2003, weusi wawili, sheria ilikata kote. Turudi kwenye gari, nani alikubusti betri liwake?

ZUHURA: Haohao vijana, likawaka, mbele kidogo likazima tena.

BARAKA: Unaona! Betri ikibustiwa ikiwaka ikazima tena ni oltaneta haichaji!

ZUHURA: Au betri imekufa kabisa haishiki chaji, fundi kaipima mbele yangu, kabadilisha, gari linatembea mpaka leo.

BARAKA: Linatembea kwa sababu betri ni mpya, subiri, wasikilizaji mafundi tutumieni voisi...

ZUHURA: Baraka, tumebakiwa na dakika mbili na wenye ukumbi wanataka funguo.

BARAKA: Na mafunzo?

ZUHURA: Hatujagusa hata moja. Hata dola milioni 2 ambazo mji ulikubali kuilipa familia ya Allen 2005 hatujazisema.

BARAKA: Mji ulilipa, Robertson hakutiwa hatiani.

ZUHURA: Mji ulilipa kwa sababu ya polisi wake, na ye alikuwa mmoja wao! Haya, wiki ijayo tunaanza na Kim Bracey, mweusi wa kwanza kuchaguliwa meya pale York, 2009, na huyo hatumpitii juujuu. Zima rekoda.