Protini ya Virusi vya Kuku Inavyokwamisha Mgawanyiko wa Seli za Saratani

REHEMA: Kaka Juma, leo tunaichambua apoptini, protini ndogo yenye asidi amino 121 tu, inayotokana na virusi vya upungufu wa damu kwa vifaranga. Virusi hivyo vilitambuliwa Japani mwaka 1979, vikashughulikiwa na madaktari wa mifugo.

JUMA: Saratani ya binadamu iliingiaje hapo, dada?

REHEMA: Watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliiweka apoptini ndani ya seli za binadamu zilizokuzwa maabara, na mwaka 1997 wakaonyesha kwamba seli za saratani zilikufa ilhali za kawaida zilibaki hai. Katika seli ya saratani protini hiyo huingia ndani ya kiini. Katika seli ya kawaida hubaki nje yake.

JUMA: Ikishaingia kiinini, hufanya nini? Hilo ndilo ninalotaka wasikilizaji walielewe vizuri.

REHEMA: Seli inapojigawa, kromosomu zilizonakiliwa hushikamana jozi jozi, na haziachani mpaka mtambo wa protini uitwao changamano cha anafezi uweke alama ya ubikwitini kwenye protini ambazo kazi yake imekwisha, kama sekurini na saiklini B, ili zivunjwe. Mwaka 2004 Jose Teodoro na wenzake, katika maabara ya Michael Green huko Massachusetts, waliripoti kwamba apoptini hujishikiza kwenye APC1, kiungo kikubwa kuliko vyote katika mtambo huo.

JUMA: Yaani mtambo wenyewe ndio unaozuiwa, na protini zilizopaswa kuvunjwa zinarundikana.

REHEMA: Ndivyo. Seli hukwama kwenye hatua ya G2, yaani maandalizi ya mwisho kabla ya kujigawa, au kwenye mitosisi, yaani kujigawa kwa kiini chenyewe, isiweze kukamilisha mgawanyiko, kisha hujiua. Jambo lililonishawishi zaidi ni kwamba walipopunguza APC1 peke yake, bila apoptini, seli zilikwama na kufa vilevile.

JUMA: Na p53, mlinzi anayeiamuru seli iliyoharibika ijiue?

REHEMA: Kifo hiki hakimhitaji. Takriban nusu ya saratani za binadamu zina p53 iliyoharibika, na baadhi ya dawa hupoteza makali kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mimi naona njia hii inastahili kufuatiliwa kwa bidii.

JUMA: Mgonjwa anaweza kuimeza kama kidonge?

REHEMA: Hapana, kwa kuwa tumbo lingeimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama. Imejaribiwa kwa panya kwa kupeleka jeni lake ndani ya uvimbe kwa kutumia virusi vya adeno vilivyodhoofishwa. Ugumu uko hapo hapo, kaka: jeni lisipofika kwenye kila seli ya uvimbe, zile zilizorukwa huendelea kugawanyika.