Kasoro Inayong'aa Ndani ya Silikoni

Habari za jioni, ndugu zangu. Hebu toeni simu mfukoni, mzishike tu. Ndani ya kila simu mna chipu ya silikoni yenye transista mabilioni, na hakuna hata moja inayong'aa. Mwanga mnaouona kwenye kioo unatoka kwenye malighafi nyingine kabisa.

Silikoni ni bahili wa nuru. Elektroni yake ikishuka ngazi ya nishati ilipaswa kutoa fotoni, ile chembe moja ya mwanga. Lakini haiwezi mpaka fuwele yenyewe itikisike papo hapo, na bahati hiyo ni adimu. Kwa kawaida nishati huishia kuwa joto.

Sisi tunazitaka fotoni moja moja. Wanasayansi Bennett na Brassard walionyesha mwaka 1984 jinsi ya kutumiana ufunguo wa siri kwa fotoni: mdukuzi akiigusa anaivuruga, na kuinakili hawezi. Najua mtaniuliza, si tufifishe leza tu? Inafanyika. Ila leza iliyofifishwa haina nidhamu: mpigo huu mtupu, ule una fotoni mbili, na hiyo ya pili ndiyo mdukuzi anayoidokoa.

Miaka yote viwanda vya chipu vimepigana na kasoro katika fuwele. Sasa sisi tunazipanda makusudi! Ng'oa atomi moja ya silikoni, bana hapo atomi mbili za kaboni na moja ya haidrojeni: umepata kituo T, kasoro inayong'aa. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walifaulu kuviona vituo hivi kimoja kimoja, kwa mwanga, ndani ya chipu. Kinatoa mwanga wa nanomita 1326, usioonekana kwa macho, lakini unaopita vizuri katika nyuzi za kioo za mkongo wa mawasiliano.

Vizuri, si bila hasara. Kwa kilomita 100, katika rangi hiyo, inafika chini ya fotoni moja kati ya elfu. Intaneti ya kawaida huweka vikuza mawimbi njiani. Sisi hatuwezi, kwa sababu kukuza ni kunakili. Tunahitaji vituo vya njiani vyenye kumbukumbu, vinavyoshika taarifa huku vikingoja fotoni ya upande wa pili. Kwangu mimi, hapa ndipo kituo T kinapowazidi wenzake: kina elektroni ambayo spini yake, yaani usumaku wake mdogo wa asili, huhifadhi taarifa, palepale inapotoka fotoni.

Msikimbilie dukani, lakini. Chipu lazima ipozwe hadi nyuzi chache juu ya sifuri kamili, karibu 269 chini ya sifuri ya Selsiasi. Kupanda kasoro mahali hasa unapopataka bado ni kama kurusha mbegu kwenye upepo. Tena kituo T ni mzito: huchukua karibu sehemu moja ya milioni ya sekunde kutoa fotoni, na kwa kazi hii huo ni uzembe. Dawa tunayoijaribu ni kukifungia katika kitundu cha kunasia mwanga kilichochongwa kwenye silikoni yenyewe, ili kishawishike kutoa fotoni mapema.

Haya, maswali. Mama pale nyuma, naona umenyoosha mkono tangu kwenye leza.