Picha ya Siku Ambayo Gari Halikuja

Assalaam alaykum. Wazee wangu mlioketi hapa mbele, shikamooni. Vijana mliojazana kule mlangoni, hamjambo. Sogeeni ndani, nafasi ipo.

Nimeitwa nizungumze juu ya kupiga picha safarini, picha moja kila siku, lile jambo ambalo vijana mnaliita chalenji. Nitawasimulia safari moja tu. Mwaka 2024, katika mfungo mosi, siku chache baada ya Idi, nilitoka hapa Tanga kwenda Mikindani, kule Mtwara, kwa njia ya pwani. Nilijiwekea siku 30 na picha 30. Masharti yalikuwa mepesi kuyataja: picha ipigwe siku hiyohiyo, iwe moja, na nikishaichagua usiku nisirudi kesho yake kuibadilisha. Siku ikipita bila picha, basi. Hakuna kupiga mbili kesho ili kufidia.

Niliondoka na orodha mfukoni. Magofu ya Kaole, Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, machweo ya Mikindani. Zote nilizipata. Leo nikizitandaza picha zile 30 mezani, hizo za orodha ndizo ninazozipita haraka. Ile ya Msikiti Mkuu ni picha safi kabisa, matao yamesimama vizuri, lakini ndiyo ileile utakayoiona ukiandika jina la Kilwa kwenye intaneti. Pamekuwa urithi wa dunia tangu 1981, na tangu hapo wageni wamesimama pale pale niliposimama mimi. Picha zinazonishika ni za siku nilizokwama. Mniruhusu nikae hapo kwenye kukwama, kwa sababu safari zetu tunazijua: saa mbili za kwenda na saa tano za kusubiri. Anayefunga kamera wakati wa kusubiri ameifungia sehemu kubwa ya safari.

Siku ya tatu nilikuwa Pangani, nangoja pantoni ivuke kutoka Bweni. Mvua ya masika inanyesha, pantoni imesimama ng'ambo, haisogei. Nusu saa ya kwanza nilipiga mto. Nilipiga mto kwa ulalo, nikaupiga kwa wima, nikapiga minazi ya upande wa pili, picha kama sitini, na zote zilikuwa maji ya kijivu. Mkono ukachoka, simu nikaitia mfukoni. Hapo ndipo nikaanza kuona. Kando yangu kulikuwa na pikipiki, na nyuma ya pikipiki imefungwa cherehani, kichwa kitupu, kimeviringishwa nailoni. Dereva amevua viatu, kaviweka juu ya tangi visiingie tope, yuko pekupeku. Mwenye cherehani, mama wa makamo, ameshika mwavuli, na mwavuli wote ameuinamisha juu ya cherehani. Yeye ananyeshewa, maji yanamchuruzika kidevuni, cherehani haina hata tone. Nikamwamkia, nikamwomba. Akasema, "Piga, lakini usinisogeze." Sikumsogeza. Ndiyo picha ya siku ya tatu.

Neno moja la ufundi, kwa kuwa najua mnalisubiri. Huku kwetu jua halina hadithi ndefu. Linapanda karibu wima na kushuka karibu wima, kwa hiyo ule mwanga laini wa asubuhi na jioni ni mfupi. Saa moja asubuhi kivuli kinapendeza, saa tatu uso wa mtu tayari una mashimo meusi machoni. Jioni likishazama, dakika ishirini na kitu kiza kimeingia. Ukiwa msafiri huwezi kupanga kila kitu kwa saa hizo, kwa sababu saa hizo mara nyingi uko ndani ya basi. Ndiyo maana nawaambia msiilaumu masika. Wingu zito ni pazia, linautawanya mwanga, hata saa sita mchana unampiga mtu usoni na uso unatoka wote. Watu wanangoja kiangazi ndipo wasafiri na kamera. Mimi nyuso zangu bora nilizipata mvua ikiwa karibu.

Na jambo la rangi ya ngozi zetu, hili nalisema kwa uchungu kidogo. Kwa miaka mingi maabara za picha duniani zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za mfano za Kodak zenye picha ya mwanamke wa kizungu. Filamu ikapimwa kwa ngozi ile, na bibi zetu wakatoka kwenye picha za harusi wana meno na macho tu. Simu za leo ni afadhali, lakini bado mtu mweusi akiwa na kanzu nyeupe, au akiwa kivulini na anga ing'ae nyuma yake, simu inaitazama ile nyeupe na kumtia mtu gizani. Dawa ni ndogo: gusa uso wake kwenye kioo cha simu, halafu pandisha mwanga kwa kidole mpaka uione ngozi yake kama unavyoiona kwa macho. Anga ikiungua, iungue. Hatukuja kupiga anga.

Siku ya tisa, Bagamoyo, nilikosea, na kosa lenyewe lazima mlisikie. Soko la samaki, mama mmoja anakaanga kwenye karai kubwa, moshi umemzunguka, mwanga umepenya kwenye mabati. Nikamwomba, akaitikia kwa kichwa. Nikapiga. Usiku nikaichagua, nikaiweka mtandaoni kama nilivyofanya za siku nane zilizotangulia. Kesho yake asubuhi nilipopita kununua samaki, hakuniamkia. Mpwa wake aliyeko Dar ameiona picha, amempigia simu. Mama akaniambia, "Mwanangu, picha sikukukatalia. Lakini umenipeleka kwa watu na kanga ya moshi." Sikuwa na jibu. Kuniruhusu kupiga ni ruhusa moja, na kuwaonyesha watu ni ruhusa nyingine, na mimi niliomba moja nikachukua mbili. Nikaitoa mtandaoni mbele yake. Akanipangia nirudi alasiri. Nilirudi nikamkuta ameoga, amejifunga kanga mpya, doti yenye pindo jekundu, ameketi kwenye kiti cha jirani. Nikampiga, nikaenda studio ya picha za pasipoti pale mjini, nikasafisha nakala mbili, nikampelekea. Hiyo ndiyo picha ya siku ya kumi, na mtandaoni haijawahi kuingia, kwa kuwa sikumwomba iingie.

Sheria ipo pia. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya wana yao ya 2019, na mwaka 2023 Kamishna wao wa ulinzi wa data aliitoza faini baa moja ya Nairobi kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Ijueni. Ila mimi aliyenifundisha ni yule mama.

Kuna mtu napenda kumtaja, wa mbali kidogo. Jamie Livingston, Mmarekani aliyeishi New York, alianza tarehe 31 Machi 1979 kupiga picha moja ya Polaroid kila siku. Karatasi ikishatoka kwenye kamera ile hakuna kufuta. Aliendelea hivyo miaka 18, mpaka tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki kwa saratani, na ndiyo siku aliyotimiza miaka 41. Ziko zaidi ya 6,000. Mimi nimezitazama kwa muda mrefu, na nyingi hazina kitu cha ajabu: rafiki ameketi, meza baada ya chakula, chumba. Kinachozipa uzito ni kwamba aliirudia kazi ile siku baada ya siku. Ukizifuata kwa tarehe unamwona anaugua, unamwona anafunga ndoa akiwa mgonjwa, na hujaambiwa neno hata moja. Sisi tunaofuta picha sitini kwa kidole kimoja tuna la kujifunza kwake.

Basi tuendelee kusini. Siku ya kumi na saba, basi letu linapita Rufiji. Mwaka ule mto ulikuwa umefurika vibaya, watu wa Rufiji na Kibiti walipoteza mashamba na nyumba. Tulipopanda Daraja la Mkapa, karibu kilomita nzima ya daraja, abiria wote walisimama upande mmoja kutazama maji. Nilikuwa nimeshaibandika simu kwenye kioo, nimeifunika kwa kiganja ili taa za ndani zisirudi kwenye picha. Nikaona aibu. Kule chini ni mahindi ya mtu. Nikageuka, nikawapiga abiria: migongo, shingo zimerefushwa, mtoto amepakatwa juu ili naye aone, na kondakta ambaye siku zote anapiga kelele, yuko kimya, ameshika bomba la juu kwa mikono miwili. Maji hayaonekani kwenye picha ile. Lakini kila ninayemwonyesha ananiuliza, "Walikuwa wanatazama nini?"

Mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya. Mimi nilikuwa Kilwa Kivinje. Mvua zikaikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, na mabasi ya kusini yanatoka Dar, kwa hiyo hata sisi tuliokuwa mbele ya pale palipokatika tukakosa gari. Siku ya kwanza nilipiga barabara tupu. Ya pili, kikombe cha chai cha gesti. Ya tatu, ndara zimepangwa mlangoni mwa msikiti, picha ambayo kila mpiga picha wa pwani anayo. Nilihisi nimekauka. Kivinje nimeshautembea wote, boma la Mjerumani nimelizunguka mara tatu, sina kipya.

Siku ya ishirini na nne, mvua ikapumzika. Mwezi ulikuwa unaandama, kwa hiyo ni bamvua, na siku za bamvua mnajua maji yetu hukauka mbali sana mnamo saa nne, saa tano za asubuhi. Nikashuka pwani kwa kukosa pa kwenda. Nikakuta mashua imelazwa ubavu, imetegwa kwa magogo, na chini yake mzee mmoja, fundi kalafati, mzibaji wa mianya ya mbao za mashua, na kijana wa kumsaidia. Dhoruba ilikuwa imeichezea mashua ile, mbao zimeachia.

Nikamwamkia, nikasema nataka picha. Hakuacha kazi. Akauliza, "Unataka picha, au unataka kukaa?"

"Nataka picha, mzee."

"Basi kaa."

Nikakaa. Akanipa kazi ya kusokota pamba. Unaivuta, unaiviringisha juu ya paja mpaka iwe uzi mnene kama kidole cha mtoto. Yeye anauchukua, anaulaza kwenye mwanya wa ubao, anausukuma kwa patasi, halafu nyundo: ndogo, ndogo, ndogo, moja kubwa. Anatega sikio. Mwanya ambao haujashiba unalia kitupu. Ukishiba unalia kama jiwe. "Umesikia?" ananiuliza. Mara tano za kwanza sikusikia tofauti. Ya sita nikasikia. Kijana yuko nyuma anapaka sifa, mafuta ya papa, harufu inakaba koo. Na kila baada ya muda mzee anageuza kichwa kuitazama bahari. Nikamuuliza anatazama nini. Akasema maji yakifika kwenye gogo lile, kazi imekwisha, imalizike isimalizike.

Nilipoinua simu, picha zilitoka na ukungu. Vidole vyangu vilikuwa vimejaa mafuta, lenzi imepakaa. Niliifuta kwa upande wa ndani wa shati, mara mbili. Chini ya mashua ni giza na nyuma anga inawaka, nikagusa mkono wake kwenye kioo, nikapandisha mwanga. Nikamuuliza kama uso wake uingie. "Piga mkono," akasema. "Uso wangu hapa Kivinje wanaujua."

Alikuwa amefika mwanya wa mwisho. Aliweka nyundo chini, akakilaza kiganja chote juu ya ubao, akakitembeza polepole, anapapasa kama mtu anayempima mtoto homa. Kiganja kina mikunjo, mikunjo imejaa mafuta, na nyuzi mbili za pamba zimenasa kwenye kidole cha kati. Chini, kwenye kona ya picha, maji yameshafika kwenye kisigino chake. Nilipiga mara moja.

Sikuwa na haja ya kuchagua usiku ule. Gari lilikuja kesho yake, nikaondoka, na machweo ya Mikindani niliyapiga siku ya thelathini kama nilivyopanga. Ni mazuri. Yamo mle.

Nakala ya mkono ule nilimpelekea mzee mwezi wa nane. Aliishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akaniambia uzi ule wa pamba nilikuwa nimeusokota vibaya.

Vijana walioniuliza tuanze lini: kesho ni bamvua. Maji yatakuwa yamekwenda mbali saa nne, na pale Deep Sea, kwenye soko la samaki, watu watakuwa kazini. Nitakuwa pale kuanzia saa tatu. Njooni na simu mlizozijaza chaji, na mje na hela ya chai, kwa sababu tutakaa.